Jini Kasingiziwa

Kasri la Grogan liko juu ya kilima nje kidogo ya mji wa Taveta. Kutoka kwetu Shelly Beach unavuka feri ya Likoni, unashika barabara ya Nairobi hadi Voi, kisha unakata kushoto kuelekea mpaka wa Tanzania. Siku hizi jumba hilo limefanywa hoteli. Asubuhi mbingu ikiwa safi Kilimanjaro huonekana yote hadi theluji yake, na bonde la Ziwa Jipe hutandaa chini hadi kwenye milima ya Upare. Lakini ukilitaja barazani kwetu, kahawa ikipita, hutasikia habari ya mandhari. Utaambiwa halikaliki.

"Ami, pale hapalaliki," aliniambia kijana mmoja wa bodaboda aliyewahi kufika Taveta kwa mazishi.

"Wewe ulilala?"

"Mimi? Astaghfirullahi!"

Hivyo ndivyo ushahidi ulivyo. Wanaolijua jumba kwa ndani hawana la kusema, na wanaolijua kwa mbali wana mengi. Nimeyakusanya hayo mengi, na nataka kuyajibu moja moja. Kwanza niweke mpaka wa ubishi wangu: sikanushi kuwapo kwa majini. Mimi ni Mwislamu wa pwani, na sura ya 72 ya Qurani ina jina lao. Ninachokipinga ni mashtaka. Jini akishatajwa, kesi imekwisha; hakuna anayeuliza nani mwingine alikuwapo siku ya tukio. Na pale Taveta waliokuwapo walikuwa wengi, wana majina, na mengi waliyoyatenda yameandikwa.

Vijana hupenda zaidi dai hili: kwamba jumba lilijengwa na majini. Hoja yao ni kwamba hakuna binadamu ambaye angepandisha mawe yote yale juu ya kilima kikavu, tena zama zile, na kwamba Mzungu mwenyewe alikuwa ameshafunga nao mkataba katika safari zake za mwituni.

Mzungu huyo alikuwa Ewart Scott Grogan, mzaliwa wa London mwaka 1874. Safari za mwituni ni kweli alizifanya: kati ya 1898 na 1900 alikwenda kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo, sehemu kubwa kwa miguu, akiwa na wapagazi ambao vitabu havikujishughulisha sana na majina yao. Mwaka 1904 akahamia Kenya. Alifanya biashara ya mbao, alijenga Hoteli ya Torr's iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1928, na alikaa katika Baraza la Kutunga Sheria. Hata hapa Mombasa alipita. Anayevuka kutoka Likoni kwenda kisiwani, akitupa macho kushoto, ataona Mbaraki na maghala yake. Ufuko ule ulikuwa wake, na aliujengea gati la maji marefu hadi serikali ikalinunua. Mtu wa namna hiyo, mwenye gati, mbao na hoteli, hakukosa njia ya kupandisha mawe kilimani.

Miaka ya 1930, akiwa na mashamba makubwa ya mkonge kuzunguka Taveta, ndipo alipojenga kasri. Na vibarua aliwapata wapi? Kwa njia ileile waliyotumia masetla wote. Serikali ya kikoloni ilitoza kodi ya nyumba na kodi ya kichwa, tena kwa pesa taslimu. Asiyekuwa na pesa alilazimika kumtafuta Mzungu wa kumwajiri. Baada ya Vita Kuu ya kwanza kikaongezwa kipande, kile cheti kilichowekwa ndani ya kijaluba cha bati na kuning'inizwa shingoni, ili anayetoroka kazini ajulikane katoka kwa nani. Mawe yalipanda kwa mabega ya watu hao. Anayesema yalipandishwa na majini anawanyang'anya hata ile sifa moja iliyobaki, ya kwamba walijenga jumba ambalo bado limesimama.

Dai la pili lina mapenzi ndani yake, kwa hiyo linapendwa na wengi. Eti Mzungu alimjengea mchumba wake kasri, mchumba akaja akalitazama, akalikataa, akarudi Ulaya. Na yule mwanamke mwenye gauni jeupe anayeonekana ngazini usiku ndiye huyo, au ni Mzungu mwenyewe anayemngoja.

Kisa hiki kimepanda matatu ya njia nyingine. Kwao ni Njoro, karibu na Nakuru, alikoishi Lord Maurice Egerton. Huyo ndiye anayesimuliwa kuwa mwanamke alikidharau kijumba chake, naye akaanza mwaka 1938 kujenga kasri la vyumba 52 lililokamilika mwaka 1954, miaka minne kabla ya kifo chake. Hakuoa. Jumba lake sasa liko chini ya Chuo Kikuu cha Egerton, watalii huenda kulitazama, na maharusi huenda kupigwa picha humo, jambo ambalo sijui marehemu angelichukuliaje.

Habari ya Grogan ni kinyume chake kabisa. Aliyempenda aliitwa Gertrude Watt, na inasimuliwa kwamba ile safari ya kutoka kusini hadi Cairo aliifanya ili kumwonyesha baba wa kambo wa msichana kwamba yeye si mtu wa ovyo. Alirudi, wakaoana mwaka huohuo wa 1900. Bibi Gertrude alikuja Kenya, akazaa mabinti, akakaa na mumewe zaidi ya miaka 40, akafariki mwaka 1943. Mume alitoa ardhi Muthaiga ikajengwa hospitali ya watoto kwa kumbukumbu yake, ile iitwayo Gertrude's, ambayo mzazi yeyote wa Nairobi mwenye bima anaijua. Kwa hiyo hakuna mchumba aliyekataa, na bibi harusi wa ngazini hana ndoa iliyomvunjikia. Kama kuna mwanamke anayerandaranda Taveta kwa uchungu wa mapenzi, basi amekosea wilaya.

La tatu ni zito zaidi, na sitalijibu kwa mzaha. Wanasema ndani ya kuta za kasri wamo watu. Eti kila kona ya msingi ilizikwa kibarua mmoja akiwa hai ili jumba lisianguke, na wale ndio wanaogonga usiku wakitaka kutoka.

Dai hili nalo limetoka mbali, limevuka bahari. Kule Unguja, katika kijiji cha Dunga, yapo magofu ya kasri la Mwinyi Mkuu, Muhammad bin Ahmed, lililojengwa katikati ya karne ya 19. Kila Mzanzibari anajua yanayosimuliwa: watumwa walichinjwa, damu yao ikachanganywa na chokaa, miili yao ikafukiwa kwenye msingi. Kwa Dunga kisa kina mantiki ya zama zake, kwani utumwa ulikuwa halali na mtumwa hakuwa na pa kushtaki. Kimehamishiwa Taveta kama kilivyo, bila hata kubadilishwa nguo.

Lakini Grogan hakuwa mtu wa kuficha. Mwezi Machi 1907, akiwa rais wa Chama cha Wakoloni, aliwachukua Wakikuyu watatu waliokuwa wakivuta rikisho, akidai wamewakosea adabu wanawake wa Kizungu, akawapeleka mbele ya mahakama ya Nairobi na kuwachapa viboko mchana kweupe. Umati wa masetla ulisimama ukitazama. Hakimu alitoka akajaribu kuwazuia, hawakumsikiliza. Baadaye Grogan alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Mtu aliyechapa watu mlangoni mwa mahakama, saa za kazi, alihitaji ukuta wa kufichia nini?

Na kama tunatafuta waliodhurika Taveta, tusianze na msingi wa jumba, twende shambani. Mkonge ni mmea wenye miiba nchani, na utomvu wake huwasha ngozi hadi ikatoka malengelenge. Mkataji huanza alfajiri kabla jua halijakaza. Anakata jani kwa panga karibu na shina, anaondoa mwiba, anafunga majani 30 kuwa fungu moja, na mshahara wake ni hesabu ya mafungu. Kutoka hapo majani huenda kwenye korona, mashine inayoponda nyama ya jani ibaki singa tupu, nayo haichagui kati ya jani na kidole. Ng'ambo ya mpaka, Tanga, watu wa kazi hii waliitwa manamba kwa kuwa walijulikana kwa namba. Sitaki kusikia habari za waliozikwa ukutani kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuuliza habari za hawa.

Wako pia wanaosema kilima kimekaa juu ya mifupa ya askari, na hapa sina budi kukiri kwamba wamekaribia ukweli kuliko wenzao. Wamekosea kilima tu. Agosti 1914 Wajerumani walivuka kutoka Moshi wakaiteka Taveta. Waingereza wakaanza kujenga reli kutoka Voi kuwafuata. Tarehe 12 Februari 1916 kikosi cha Afrika Kusini kilijaribu kuuchukua mlima wa Salaita, mashariki ya Taveta, kikarudishwa nyuma kwa hasara kubwa na askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani, watu ambao makaburu hao walikuwa wamewadharau siku moja kabla. Mwezi uliofuata mapigano yalikuwa katika vilima vya Latema na Reata. Salaita kuna hata mbuyu unaosimuliwa kwamba ndani yake alijificha mwanamke wa Kijerumani, mumewe kauawa, naye akawa anawalenga Waingereza mmoja mmoja. Kila atakayekupitisha njia ile atakuonyesha.

Kasri liko kilima kingine, na lilijengwa miaka karibu 20 baadaye. Lakini jambo linalonikera si jiografia. Askari wa Kizungu waliokufa pale wana makaburi Taveta, yenye majina na majani yaliyokatwa vizuri. Waliokufa wengi zaidi katika vita hivyo ni wapagazi, wale wa kikosi kilichoitwa Kariakoo, waliobeba risasi na unga vichwani kutoka pwani hadi Rufiji na Msumbiji. Hesabu ya serikali ya Uingereza ilikubali zaidi ya 40,000. Wanahistoria waliozichambua hesabu hizo wanaona idadi ya kweli ni kubwa zaidi. Waliuawa zaidi na kuhara damu, malaria na nimonia kuliko risasi. Ajabu ni kwamba katika visa vyote vya mizuka nilivyovisikia kuhusu Taveta, mzuka huwa Mzungu: mwanamke wa gauni jeupe, ofisa wa buti, Grogan na kiko chake. Hata katika uzushi wetu mpagazi hana nafasi.

Tufike sasa kwa yale ambayo mtu anasema kayaona na kuyasikia mwenyewe. Hapa sitamwita mtu mwongo. Binamu yangu, mtu mzima asiyependa upuuzi, aliwahi kulala katika hoteli moja ya vilimani (sitaitaja, wala si ya Taveta) akaamka saa tisa usiku hawezi kuinua hata kidole. Kifua kizito kama kilichokaliwa. Mlangoni kasimama mtu. Alitaka kusoma Ayatul Kursiyyu, ulimi haukumtii. Asubuhi alilipa akaondoka bila kunywa chai.

Wazee wetu wana jina la hali hiyo: jinamizi. Madaktari nao wameichunguza. Katika usingizi wa ndoto ubongo huufunga mwili usitembee, ili mtu asiruke kitandani akikimbizwa ndotoni. Mara nyingine akili huamka kabla ya kufuli kufunguliwa. Macho yako wazi, chumba unakiona, lakini mwili umefungwa na ndoto haijakwisha, nayo inamwaga watu wake chumbani. Humpata zaidi aliyelala chali, aliyechoka na safari, aliyebadilisha saa za kulala. Yaani mgeni wa hoteli. Kisiwa cha Newfoundland huko Canada huliita bibi kizee. Pemba mwaka 1995 jambo hilohilo lilipata jina la Popobawa, na hofu ikasambaa hadi Unguja na Dar es Salaam, watu wakalala nje makundi makundi wakizunguka moto. Waliteseka kweli. Lakini ukishajua kwamba mateso hayo yapo Pemba, Newfoundland na kitandani kwa binamu yangu, huwezi tena kuyatumia kuwa ushahidi dhidi ya nyumba moja ya Taveta.

Sauti nazo zina wenyewe. Komba akilia usiku utaapa ni mtoto mchanga katupwa vichakani. Pimbi huanza kwa mkoromo na kumaliza kwa yowe. Popo wakiingia darini hukwaruza kucha mpaka alfajiri. Mabati yaliyopikwa na jua la Taveta mchana hujikunyata usiku hewa ya mlima inaposhuka, na kila msumari hutoa mlio wake: tak, kimya, tak, kama mtu anayepanda ngazi polepole. Tena ushauri wa kuteremka kilimani kabla ya magharibi ni wa busara, ila sababu yake ina mkonga. Ndovu wa Tsavo Magharibi hawajui mwisho wa mbuga uko wapi. Hupita mashambani na barabarani kutafuta maji, na watu wa Taveta wamezika jamaa zao kwa sababu hiyo. Anayeogopa mwanamke wa gauni jeupe kwenye njia ile ameacha la kuogopa.

Mambo mengine hata wataalamu yaliwatoa jasho. Fundi mmoja Mwingereza, Vic Tandy, alikuwa akifanya kazi katika maabara mjini Coventry ambayo wenzake walisema ina mzuka. Usiku mmoja alihisi baridi, nywele zikamsimama, akaona umbo la kijivu pembezoni mwa jicho, alipogeuka halipo. Kesho yake alileta upanga wake wa mchezo kuutengeneza, akaubana kwenye jiriwa, na upanga ukaanza kutetemeka wenyewe. Alipofuatilia akagundua feni mpya ilikuwa ikitoa mtikisiko wa hewa wa karibu hezi 19, mzito mno kwa sikio lakini mwili unauhisi. Feni ilipozimwa, mzuka ukaondoka nayo. Aliyachapisha hayo mwaka 1998. Si kila mwanasayansi aliyeridhika nayo, nami sidai kwamba Taveta kuna feni.

Kuna kisa kingine ambacho nataka kila mwenye nyumba Likoni akisikie. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, aliandika habari za familia iliyohamia jumba la zamani. Walisikia nyayo, waliona watu wasiowajua miguuni pa kitanda, watoto wakadhoofika, hata mimea ya ndani ikanyauka. Tanuri la kupasha joto lilikuwa bovu, na hewa ya sumu itokanayo na moto usiokamilika ilikuwa inaingia vyumbani. Hewa hiyohiyo hutoka kwenye jiko la makaa. Msimu wa baridi mtu analiingiza chumbani, anafunga dirisha kwa ajili ya mbu, na asubuhi majirani wanavunja mlango. Nimesikia misiba ya namna hii ikiitwa husuda na kurogwa, na jiko lenyewe likiwa bado liko pale, majivu yamepoa.

Mtu wa Shelly akishindwa kote huko huniletea ushahidi wa nyumbani. "Tazama hapa kwetu," atasema. "Hoteli za ufuko huu zilikufa kwa nini? Si majini? Hilo la Taveta litakufa vilevile."

Basi tutazame hapa kwetu. Ni kweli ufuko huu uliwahi kujaa wageni na kwamba majengo kadhaa yamebaki magofu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kundi la vijana lilivamia kituo cha polisi cha Likoni na kile cha feri, likaua askari, likachukua bunduki, likachoma. Siku na wiki zilizofuata watu wa bara walisakwa nyumba kwa nyumba. Waliouawa walizidi 100, na waliohama walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Waliovamia walikuwa wamelishwa kiapo na kupewa hirizi za kuzuia risasi. Mizimu ilitajwa sana. Lakini Tume ya Jaji Akiwumi, iliyosikiliza mashahidi baadaye, haikushughulika na mizimu. Ilishughulika na wanasiasa, maana ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Watalii walipakia mizigo wakaondoka. Mwaka uliofuata mabomu yakalipuka Nairobi na Dar es Salaam, mwaka 2002 ikashambuliwa hoteli ya Kikambala, na kila mara serikali za Ulaya ziliwaonya raia wao wasije. Wenzetu wa ufuko wa Diani wana uwanja wa ndege wa Ukunda na mchanga mweupe. Sisi tuna foleni ya feri na mwani unaojaa ufukweni kusi likivuma. Na sasa barabara ya Dongo Kundu inampitisha mgeni mbali hata asituone.

Sauti za magofu nazo ninazieleza bila kitabu. Pita karibu na jengo lolote la ufukweni lililoachwa, utazame chini ya boriti za zege. Utaona mistari ya kutu, kisha mpasuko, kisha nondo imetoka nje, nyekundu, imevimba na kuachana matabaka kama sambusa. Chumvi ya bahari huingia ndani ya zege, chuma hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa; saruji haina budi kupasuka. Kipande kinadondoka usiku, kinagonga sakafu tupu, jengo zima linaitika. Walinzi wanasema wanarushiwa mawe. Wanarushiwa kweli, na boriti.

Mazoea haya ya kumsukumia jini yana gharama. Feri ya Mtongwe ilipopinduka tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 wakafa mita chache tu kutoka gatini, nilisikia kwa masikio yangu kwamba mkondo ulikuwa unadai damu yake. Feri ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Aliyeamini mkondo ulidai damu hakuwa na sababu ya kuuliza nani aliruhusu ijazwe.

Limebaki dai la watu wa upande wa pili, wale wasioamini lolote. Wao husema visa hivi vyote ni biashara: mwenye hoteli anatunga mzuka ili wageni walipe zaidi. Huko ughaibuni hilo lina ukweli. Kasri la Ballygally, Ireland ya Kaskazini, lilijengwa mwaka 1625, leo ni hoteli, na chumba kimoja mnarani kimetengwa rasmi kuwa cha mzuka, wageni wapande wakitazame. Hoteli ya Stanley huko Colorado, iliyofunguliwa mwaka 1909, ilikuwa imechoka hadi Stephen King alipolala humo mwaka 1974 na kutoka na wazo la riwaya. Sasa huuza tiketi za kuzungushwa usiku.

Kwetu soko hilo halipo. Mwenye gesti ya Likoni ikivuma kwamba chumba namba nne kina kitu, atamwita shekhe, atafukiza, atabadilisha namba ya chumba, ikibidi atabadilisha jina la gesti. Huwezi kuuza hofu kwa mtu anayeiogopa kweli. Anayetaka kuona pwani inavyoishi na majini wake aende pale Mbaraki, kwenye ile nguzo ndefu ya mawe ya matumbawe iliyo na uwazi ndani, iliyokuwapo karne nyingi kabla Grogan hajajenga gati lake jirani. Inasemwa ina mwenyewe. Nilipochungulia chini ya nguzo niliona chupa ya marashi ya waridi imeachwa kifuniko wazi, vijiti vya udi vimeungua nusu na kipande cha kitambaa. Hapakuwa na mkatisha tiketi. Mwanamke aliyekuwa akitoka alivuta buibui lake, akanisalimu kwa heshima, akaenda zake kupanda matatu. Aliyekuja kuomba mtoto au nafuu ya ugonjwa hakuja kutishwa.

Kwa hiyo visa vya Taveta havikutungwa na idara ya mauzo. Vimetungwa na watu waliokulia chini ya kile kilima, wakakitazama kila siku na kujua kwamba kuna jambo lililokwenda vibaya pale juu. Hapo nawaunga mkono. Makosa yao ni kwenye jina la mshtakiwa, na makosa hayo wanayafanya wakiwa barazani tu. Grogan alifariki Cape Town mwaka 1967, na mashamba yakapita mikononi mwa wengine, akiwamo Basil Criticos aliyewahi kuwa mbunge wa Taveta, huku wakazi wakibanwa kwenye vipande vya ardhi pembezoni mwa mkonge. Suala hilo limefika bungeni zaidi ya mara moja. Huko waliosimama kuzungumza walitaja ekari, mipaka, hati na maskwota, na hakuna aliyemtaja mwanamke wa gauni jeupe.